Mama Mkwe Hakuzama

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, nafupisha. Mimi ni fundi bomba. Shule niliiacha darasa la sita. Kanisani kwetu ni shemasi, na kazi yangu ni kuwashika watu wanapobatizwa. Wiki iliyopita niliungama jambo nililolificha miaka mitatu: siku mama mkwe wangu alipobatizwa, uso wake haukuingia majini. Mikono iliyomshika ni yangu. Sauti iliyosema ameingia ni yangu pia. Kwetu hakuna anayelisoma gazeti hili, ndiyo maana nilithubutu.

Msiojua utaratibu wetu, sikilizeni. Birika letu liko nyuma ya kanisa, la saruji, ngazi nne kushuka, maji kifuani. Mchungaji husema maneno, hufumba macho, huinua uso juu. Hafumbui mpaka asikie sauti ya shemasi. Kichwa kikishafunikwa na maji, mimi nasema kwa nguvu, "Amezama!" Kanisa zima linajibu, "Amezikwa!" Hapo ndipo ninamwinua mtu.

Neno langu ndilo muhuri.

Na mchungaji wetu hana mchezo na jambo hilo. "Unywele mmoja ukibaki juu," husema, "mtu wa kale bado anapumua."

Kwa nini sikumzamisha? Nitasema tena, mnicheke tena. Ni aibu. Huyu ni mama aliyemzaa mke wangu, gauni lake jeupe limejaa hewa linaelea, na mimi mkwewe nimemkumbatia mbele ya watu mia mbili. Nikageuza uso pembeni. Mikono ikalegea. Yeye naye akakaza shingo. Maji yakaishia kidevuni.

Nikasema, "Amezama!" Kisha nikamrushia maji usoni kwa kiganja, upesi upesi, watu wasimwone mkavu.

Hiyo ndiyo heshima iliyonifikisha hapa.

Jumatano daktari alituita pembeni mimi na mke wangu, kwenye korido ya hospitali alikolazwa mama mkwe. Moyo wa mama umechoka, alisema. Maji yanajaa kwenye mapafu. Hospitali haina la kufanya zaidi, arudi nyumbani, alale ameegemea mito.

"Siku ngapi?" nikauliza.

"Siku, au wiki. Na msimwogeshe kwa kummwagia maji. Mpanguseni kwa kitambaa cha uvuguvugu. Maji baridi yakimshtua, ule moyo hautastahimili."

Mke wangu hakulia. Alisema neno moja tu tukiwa njiani.

"Baba tulimpoteza mara mbili. Mama tutampoteza mara moja."

Nilijua maana yake. Baba yake alifariki siku nane kabla ya kubatizwa. Alikuwa ameshasoma mafundisho yote. Gauni lake la ubatizo lilikuwa limeshapigwa pasi. Siku ya mazishi mchungaji alihubiri saa nzima, na katika saa hiyo hakusema marehemu amekwenda wapi. Mke wangu akamfuata kaburini, akamuuliza uso kwa uso.

"Binti yangu," mchungaji alimjibu, "siwezi kukuambia nisilolijua."

Kwa kanisa letu hilo si jibu. Hiyo ni hukumu. Tangu siku ile mke wangu akimtaja baba yake hushusha sauti, kama anayetaja mtu aliyefungwa jela.

Alhamisi asubuhi nilimfuata mchungaji ofisini. Ofisi yenyewe ni stoo ya viti. Meza yake imebanwa katikati ya viti vya plastiki vilivyopandishwa hadi karibu na dari.

"Mchungaji," nikaanza, "nina rafiki yangu mmoja."

"Marafiki zako nawajua wote, Kizibo. Yupi?"

Kizibo ndilo jina langu pale kanisani.

"Huyu humjui. Ni wa kanisa lingine. Alibatizwa, lakini maji hayakumfika usoni. Je, yuko sawa?"

"Huyo hakubatizwa. Huyo aliloa."

"Lakini aliamini, mchungaji. Kwa moyo wote."

"Mvua ikinyesha hata mbuzi huloa."

"Na yule mnyang'anyi msalabani? Hakuingia birika lolote, na aliahidiwa kuingia peponi siku ileile."

Mchungaji akaweka kalamu chini.

"Yule alikuwa amepigiliwa misumari mikono na miguu. Mama mkwe wako amepigiliwa na nani?"

Nilikosa pa kuweka macho.

"Umejuaje?"

"Mimi hufumba macho, Kizibo. Sizibi masikio. Mtu akizama, maji yana sauti yake. Siku ile sikuisikia."

"Na ukanyamaza?"

"Wewe ulisema. Kanisa likajibu. Nikajiambia, huenda ni uzee wa masikio yangu. Nimejiambia hivyo miaka mitatu."

Nikaona mlango umefunguka kidogo, nikaingiza mguu.

"Basi tuendelee hivyo hivyo. Mama amebakiza siku chache. Andiko linasema anayeamini na kubatizwa ataokoka. Halafu linasema asiyeamini atahukumiwa. Sehemu ya pili haitaji maji. Nimelisoma mwenyewe, kwa kidole."

"Umelisoma kama fundi. Unatafuta panapovuja."

"Na kama panavuja kweli?"

Hapo alisimama. Ni mtu mrefu, na chumba ni kifupi.

"Sikiliza. Nikisema leo kwamba maji si lazima, kesho mke wako atakuja hapa kuniuliza habari za baba yake. Nitamjibu nini? Kwamba nilimnyima faraja kaburini bure? Kwamba amelia miaka yote hii kwa sababu ya mdomo wangu?"

Nikageuka kuondoka.

"Jumamosi mchana," alisema. "Bila kanisa. Sisi tu. Tutamzamisha."

"Daktari amekataza maji."

"Nimesikia."

"Atakufa mikononi mwetu, mchungaji!"

"Atakufa, Kizibo. Swali ni atakufa akiwa nani."

Nilitoka pale nikiwa nimeamua. Mama haendi. Nitamwambia yeye mwenyewe ukweli kwa upole, nitaomba radhi, tutasali pamoja, basi. Mke wangu hatajua. Mchungaji nitamwambia mgonjwa amezidiwa.

Mwanadamu hupanga.

Mama alikuwa ameegemea mito minne. Nimesikiliza mabomba yenye hewa miaka thelathini. Kifua chake kilikuwa na sauti ileile.

"Funga mlango, mkwe," alisema kabla sijafungua mdomo.

Nikafunga.

"Mama, nina neno."

"Nalijua. Umelibeba mpaka limekupinda mgongo."

"Neno gani, mama?"

Akainua kidole taratibu, akakiweka kidevuni.

"Yaliishia hapa."

Nilikaa chini. Kiti kilikuwepo, lakini nilikaa chini sakafuni.

"Watu wakitaka kulalamika husema wana maji ya shingo," alisema. "Mimi niliyapata yenyewe." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, na ikatuchukua muda mpaka pumzi irudi.

"Mama, kwa nini ulinyamaza?"

"Ulikuwa umeshapiga kelele. Ningesema nini? 'Jamani, huyu mkwe wangu mwongo'? Nikuvue nguo mbele ya kanisa wakati wewe ulikuwa unajaribu kunisitiri?"

"Hukuogopa?"

"Mwaka wa kwanza niliogopa sana. Nilikuwa nikioga najitumbukiza kichwa kwenye beseni, nasema maneno ya mchungaji mwenyewe. Mzee mzima, matako juu. Siku moja nikajiona mjinga. Nikamwambia Mungu, wewe unajua kilichonikaza shingo. Ni baridi na aibu. Moyo ulikuwa umeshaingia kitambo. Tangu siku hiyo nalala usingizi."

"Basi tuliache, mama."

"Tuliache. Mungu si fundi bomba, mkwe wangu. Hapimi kina."

Sijawahi kusikia maneno matamu kama hayo. Niliinuka pale mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Nikageuka kufungua mlango.

Ulikuwa umeshafunguliwa.

Mke wangu alikuwa amesimama na beseni la uvuguvugu na kitambaa begani. Aliliweka beseni chini polepole, bila kumwaga hata tone. Hapo ndipo nilipoogopa. Mke wangu akipiga kelele, mambo bado yana nafuu.

"Rudia, mama," alisema. "Nimesikia mwisho tu."

"Mwanangu, kaa kwanza."

"Sitakaa. Hukuzama?"

"Sikuzama."

"Na huyu alijua?"

"Alijua."

Hakunitazama. Bora angenipiga.

"Baba alikosa maji," alisema. "Mkaniambia hakuna ajuaye alipo. Nikakubali. Nikawa nasema, angalau mama tunaye. Leo nasikia na mama alikosa maji, na mama amestarehe, eti Mungu hapimi kina. Mungu yupi huyo mwenye mizani mbili?"

"Mwanangu..."

"Kama maji si lazima, basi nimemlilia baba yangu bure. Kama ni lazima, nitakulilia wewe mpaka nami nife. Niambie nishike lipi, mama. Mimi nitashika lolote. Ila nipe moja."

Ilibaki ile sauti ya kifua.

Mama alimtazama bintiye kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta jibu, na nilimwona akilikosa. Ukweli wake ulimtosha yeye kufa nao. Haukumtosha binti yake kuishi nao.

"Nitaingia," alisema.

"Mama!" nikaropoka. "Daktari..."

"Nyamaza, mkwe. Mungu hajaniomba. Huyu ndiye ameniomba." Kisha akatabasamu kidogo, akatikisa kichwa. "Maji niliyavulia nguo, sikuyaoga. Kosa la nani hilo kama si langu?"

Nilitaka kumshika mke wangu mkono. Akaupitisha pembeni, akachovya kitambaa kwenye beseni, akaanza kumpangusa mama yake uso. Alianzia kidevuni kwenda juu.

Jumamosi nililijaza birika mwenyewe. Linachukua saa mbili. Nilikaa pale mkono kwenye koki nikiwaza kuivunja. Kwa mtu wa kazi yangu ni dakika moja, na hakuna ambaye angejua. Lakini mke wangu alisimama nyuma yangu saa zote mbili, kimya, amekunja mikono.

Nilichemsha ndoo sita za maji, nikazimimina. Ni sawa na kutema mate mtoni. Niliingiza kiwiko nikakitoa. Baridi ilikuwa ya kuuma mfupa.

Saa nane mama aliletwa kwa gari la jirani. Alikuwa amevaa gauni jeupe, na limekuwa kubwa kwake mara mbili. Mimi na mke wangu tulimbeba akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, tukakiweka juu ya ngazi ya kwanza ya birika. Maji yalimfika vifundoni. Alishtuka, akafumba macho, akayafumbua.

"Mama, turudi?" nikamnong'oneza.

"Nizoee kwanza," alisema. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi.

Mchungaji alifika na daftari la ubatizo kwapani. Alivaa miwani, akalifungua juu ya ukingo.

"Nitafuta ingizo lake la zamani kwanza," alisema. "Kisha niandike jipya. Na leo shahidi si wewe, Kizibo. Neno lako limeharibika. Wewe utashika tu. Shahidi atakuwa mke wako."

"Sawa," mke wangu akajibu.

"Shahidi lazima awe amezama yeye mwenyewe. Ndiyo kanuni. Wewe ulizama siku ya kwanza ya birika hili, jina lako hili hapa." Akaligonga kwa kalamu. "Na hapa naandika kwamba shahidi wa zamani ameungama kosa. Nitajie tarehe yako ya ubatizo, Kizibo."

Nilisikia. Nikajifanya sijasikia. Nikainama kumweka mama gauni vizuri.

"Si lazima," mchungaji alisema. "Ni siku ileile ya kwanza, nakumbuka. Ulikuwemo majini."

"Nilikuwemo."

Kidole chake kikashuka ukurasa mzima. Kikapanda. Kikashuka tena. Akafungua ukurasa wa pili, akarudi wa kwanza.

"Kizibo. Jina lako silioni."

Ndugu msomaji, hili nilikuwa sijamwambia mtu, hata mke wangu. Miaka kumi na tisa iliyopita niliitwa kujenga birika lile kama fundi tu. Kanisani kwao nilikuwa sijawahi kukanyaga. Siku ya kulizindua, mtu wa kwanza anashuka ngazi, kizibo cha chini kikang'oka. Maji yakaanza kukimbia. Nilijitosa na nguo zangu, nikaliziba tundu kwa kisigino.

Mchungaji akasema, "Usitoke hapo! Kaa hapo hapo, unishikie watu."

Watu walikuwa tisa. Wa tisa alikuwa msichana mmoja mwenye macho makali, nikamshika, nikamzamisha, nikamwinua. Mwaka uliofuata nilimwoa. Kwenye cheti cha ndoa mchungaji aliandika kwamba nimebatizwa. Alikuwa ameniona majini kwa macho yake.

Tangu siku hiyo nimesimama katika maji yale, ubatizo baada ya ubatizo. Nimeloa kuliko mtu yeyote wa kanisa lile. Kichwa changu hakijawahi kuingia hata mara moja.

Mwanzoni sikusema kwa kuwa hakuna aliyeniuliza. Baadaye sikusema kwa kuwa wangeniuliza mbona sikusema.

"Sikubatizwa, mchungaji," nikasema. "Nilikuwa nimeziba tundu."

Alivua miwani. Aliishika tu, kama mtu aliyepewa kitu asichokijua matumizi yake.

"Mia nne," alisema. "Watu zaidi ya mia nne, Kizibo. Wote wamepita kwenye neno lako."

"Najua."

"Kama shahidi ni lazima..." Akasita. "Na kama si lazima..." Hapo pia akasita. Akakaa kwenye ukingo na joho lake, daftari likamponyoka magotini.

Mke wangu ndiye aliyesogea. Alikuja mpaka usoni pangu. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi alinitazama.

"Basi mimi," aliuliza, "nimezamishwa na nani?"

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na la kusema, na nadhani lilikuwa la maana: kwamba nimemwona miaka kumi na minane akiomba, akisamehe, akiniuguza nikiwa mgonjwa, na kama huyo hajaokoka basi hakuna aliyeokoka, maji yawe na shahidi au yasiwe naye. Nilitaka kumwambia na baba yake ni vivyo hivyo.

Sikuwahi. Maana sote watatu tulikuwa tunatazamana, na kwa dakika hiyo hakuna aliyekuwa anamtazama mgonjwa.

Miguu ya kiti ilikwaruza saruji.

Tulipogeuka, kiti kilikuwa kimelala ubavu juu ya ngazi, kitupu. Gauni jeupe lilikuwa linashuka chini, taratibu, halina haraka. Sikuona mkono ukipapatika. Sijui kama aliteleza au alikwenda mwenyewe.

"Mtoe!" mchungaji alipiga kelele. Yule yule mchungaji. Sauti ilimpasuka. "Kizibo, mtoe mama wa watu!"

Nilikuwa nimeshapiga hatua ya kwanza kwenye maji pale mke wangu aliponikamata mkono. Sikujua ana nguvu kiasi kile. Macho yake yalikuwa chini, kwenye maji, wala hayakupepesa.

"Subiri," alisema. "Safari hii hakikisha."